Baiti 24 Zilizozidi

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, kompyuta za vyuo vikuu na maabara nchini Marekani zilianza kulemewa na programu iliyokuwa ikijinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Aliyeiandika, Robert Tappan Morris, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Alitumia njia kadhaa za kuingilia. Ninayoifuata hapa ni ile ya kompyuta za VAX, kwa kuwa nyayo zake zinarudi nyuma mbali sana.

VAX hizo zilikuwa na huduma iitwayo finger, ya kujibu maswali kuhusu watumiaji wa mashine. Swali lilipokelewa kwa gets, amri ya lugha ya C inayosoma mstari wa maandishi na kuuweka kwenye kumbukumbu. Nafasi iliyotengwa ilikuwa baiti 512. Gets haiulizi nafasi ina ukubwa gani. Husoma tu mpaka mstari uishe. Morris akatuma baiti 536. Zile 24 za ziada hazikupotea. Ziliandikwa juu ya vilivyokuwa jirani, ikiwemo anwani inayoiambia kompyuta irudi wapi ikimaliza kazi. Kompyuta ikarudi alikotaka mgeni, ikatekeleza maagizo yake.

Mahakama ilimtia Morris hatiani mwaka 1990, na alistahili. Ila mlango aliupita tu, hakuujenga yeye.

Mwaka 1972 James P. Anderson aliliandikia ripoti Jeshi la Anga la Marekani. Alieleza kwamba programu isiyokagua vizuri data inatoka wapi na inakwenda wapi humpa mtumiaji mwanya wa kuandika juu ya sehemu za mfumo wenyewe na kuutawala. Miaka hiyohiyo, katika maabara za Bell, Dennis Ritchie alikuwa akiijenga C kwa mashine ndogo zenye kumbukumbu finyu. Katika C, safu ya data ikikabidhiwa kwa sehemu nyingine ya programu, kinachopita ni anwani ya mwanzo tu. Urefu haumo. Wengi wanaojifunza lugha hii hudhani nafasi waliyoiomba ina kuta. Haina; kuta ni hesabu ambayo mwandishi lazima aibebe mwenyewe, kila mara, bila kusahau hata siku moja.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Ilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Uingereza, Tony Hoare na wenzake wa kampuni ya Elliott walitengeneza kikusanyaji (compiler) cha lugha ya ALGOL 60 kilichokagua kila namba ya nafasi katika safu wakati programu inaendeshwa. Baadaye waliwauliza wateja kama wangependa ukaguzi uzimwe ili programu zao ziende kasi. Wateja wote walikataa: walikwishaona makosa hayo yanavyotokea kazini. Hoare alisimulia haya mwaka 1980 akipokea Tuzo ya Turing, akisikitika kwamba somo lilikuwa bado halijashika. Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu ujuzi ulikuwepo na ukaachwa.

Gets iliondolewa kwenye kiwango rasmi cha C mwaka 2011. Mwaka uliofuata ilitoka OpenSSL 1.0.1, programu ya kulinda mawasiliano, ikiwa na kasoro iliyotangazwa Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed. Mgeni alituma ujumbe mfupi, akadai una urefu wa hadi KB 64. Seva ilimwamini, ikamrudishia ujumbe wake pamoja na kilichokuwa jirani katika kumbukumbu: manenosiri, hata funguo za siri. Safari hii mgeni hakuandika kupita mpaka, alisomewa kupita mpaka. Dawa ilikuwa kuulinganisha urefu uliodaiwa na urefu halisi.

Mwaka 2019 Microsoft ilisema takriban asilimia 70 ya kasoro za kiusalama inazoziba kila mwaka zinatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Kampuni yenye wahandisi wengi namna hiyo haiwezi kuambiwa iongeze umakini tu. Inahitaji lugha inayobeba hesabu hiyo yenyewe: lugha ya Rust, iliyofikia toleo la 1.0 Mei 2015, hukagua namba ya nafasi katika safu bila kuombwa, na anayetaka kuukwepa ukaguzi huo lazima aandike waziwazi kwamba anaukwepa.