Yangambi: mbegu ya ngazi haisemi baba yake ni nani

Wenzangu, leo tukisikia «kutunza maarifa ya kazi», tunafikiria paka ordinateri. Twende kwanza Yangambi, ukishuka mto toka Kisangani kama kilometa 100. Kule ndiko INEAC, shirika la wakoloni wa Ubelgiji la uchunguzi wa kilimo lililoanzishwa 1933, lilikuwa na kituo chake kikubwa.

Kuko ngazi za aina tatu: dura yenye ganda nene, pisifera isiyo na ganda, na tenera yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ndiyo inatoa mafuta mengi. Maplantasio yalitaka tenera. Lakini tenera ikizaa na tenera mwenzake, karibu nusu tu ya watoto ni tenera. Robo ni dura, robo ni pisifera, na hii mara nyingi haizai kitu. Mu 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza sababu: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Changanya hao wawili, unapata tenera tupu.

Kusema ni rahisi. Fundi anafunika ua la mama na mfuko mbele halijafunguka, analeta unga wa baba, anaandika namba za miti na tarehe. Mkungu unaiva kisha miezi kama sita. Nani atakumbuka? Tena ganda la mbegu linatoka kwa mama: kwa hiyo mbegu itakayozaa tenera, ukiishika mkononi, iko na ganda nene sawa dura ya kawaida. Hata macho ya agronome haisaidie. Bila maandishi, mnunuzi atangoja miaka mitatu ao mine mpaka mti uzae. Bei ya ile mbegu iko ndani ya daftari. Hapo njo ninaona ufundi wa kweli: kuandika hakukuwa kazi ya pembeni, ilikuwa kipande cha kazi yenyewe.

Tuseme pia: tangazo la 1941 lina majina mawili tu, ya Wabelgiji. Wakongomani waliokata mikungu na kuihesabu hatuwaone pale.

Mu 1970 INERA ilishika nafasi ya INEAC. Sehemu ya madaftari ilibaki. Yale ya maua na majani ya miti ya pori, tangu 1937 hadi 1958, yamepigwa picha, na wachunguzi wa hali ya hewa wanayasoma leo. Na mbegu nyingi za ngazi zinazouzwa pembeni ya barabara? Haziko hata na mstari mmoja wa kuonyesha baba.