UZI: Kabla hujasema "turudishe KCPE", soma kifungu chote

Jana usiku mlikesha tena kwenye ule ubishi wetu wa kila msimu. Upande mmoja unasema watoto wa siku hizi hawajui kusoma, turudishe KCPE. Upande wa pili unasema mtihani ule uliua akili za watoto, uache ufe. Sitataja mwanasiasa wala chama, maana hoja zote mbili nimewahi kuzisikia zikitoka mdomo mmoja, ikitegemea nani yuko serikalini. Mimi nimefundisha ufahamu hapa Kisumu miaka mingi, shuleni na kwenye meza za watu jioni. Nina ushahidi dhidi ya pande zote mbili, na dhidi yangu pia. Tulieni, uzi ni mrefu.

Naandika nikiwa Milimani. Wakati wa ukoloni hapa palikuwa pa Wazungu, penye upepo wa ziwa. Wahindi walikaa mjini karibu na maduka, Mwafrika akasukumwa pembeni. Shule nazo ziligawanywa hivyo hivyo, kila rangi na njia yake. Mwafrika alikuwa na mtihani wake, KAPE, na baada ya ripoti ya Beecher ya 1949 akawekewa chujio lingine mapema zaidi, mwisho wa darasa la nne. Ukiuliza mitihani hiyo ilipima nini hasa, jibu ni rahisi: nafasi zilikuwa chache na ilibidi watu wapunguzwe. Bendera ilishuka 1963, kazi ya kupunguza watu ikabaki pale pale.

Baada ya uhuru rangi zote ziliwekwa kwenye mtihani mmoja, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 ukaitwa CPE. Karatasi zilikuwa tatu: Kiingereza, Hisabati, na moja iliyochanganya sayansi, historia na jiografia. Kiswahili je? Hakimo. Tume ya Ominde ilishasema 1964 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, na ripoti ya 1976 ikarudia wito huo. Kwenye ratiba kiliandikwa. Lakini muulize yeyote aliyesoma Nyanza enzi hizo atakwambia: kipindi cha Kiswahili ndicho kilikuwa cha kwanza kuliwa na Hisabati. Nyumbani tulisema Dholuo, darasani Kiingereza, na Kiswahili tukakiona kama lugha ya askari, ya reli na ya sokoni.

Kisha 1985 ikafika. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na ripoti ya Mackay ya 1981, ulileta KCPE, na ndani yake Kiswahili kikawa lazima, chenye insha na karatasi ya maswali. Bana, mambo yalibadilika. Mwalimu aliyekuwa akichekwa kwa kufundisha ngeli akawa mtu wa kutafutwa. Mzazi ambaye hakuwahi kununua kitabu cha Kiswahili akaanza kuuliza bei. Maazimio ya tume mbili hayakuweza kufanya kwa miaka ishirini kile karatasi moja ya mtihani ilifanya kwa muhula mmoja. Kwa hivyo wewe unayesema mtihani haujawahi kumsaidia mtoto wa Kenya, hapo una kazi ya kujibu.

Sasa tugeukie upande wa pili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna kisa ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye mdahalo wowote.

Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu ajira Kenya, na moja ya lawama zao ilikuwa CPE. Walisema mtihani unafundisha watoto kukariri. Katika miaka iliyofuata watu wa kitengo cha mitihani wizarani, wakiongozwa kwenye utafiti na Tony Somerset, walianza kuugeuza. Maswali ya kukumbuka tu yakapunguzwa, ya kufikiri na kutumia ulichosoma yakaongezwa. Hatua iliyofuata ndiyo naipenda: baada ya matokeo, shule zilitumiwa jarida. Jarida lilieleza ni swali gani liliwashinda wengi, ni jibu gani lisilo sahihi walilolichagua, na walikosea wapi katika kufikiri. Mwalimu wa kijijini kabisa, asiye na pesa ya kununua chochote, aliletewa mwongozo ule ule aliopewa mwenzake wa Nairobi. Baada ya miaka michache, pengo kati ya wilaya nyingi zilizokuwa nyuma na zile za mbele likaanza kupungua.

Pamoja na jarida zilikuja orodha za kupanga wilaya na shule kwa matokeo. Nia ilikuwa kuamsha waliolala. Lakini kati ya vile viwili, gazeti lingeuza kipi? Orodha. Tukasahau jarida, tukalea orodha, na ikakua hadi picha za watoto kubebwa juu juu kila Desemba, hadi wizara ikapiga marufuku kupanga shule mwaka 2014. Yaani dawa ilitupwa, chupa ikabaki.

Na mimi nilikula kutoka kwenye hiyo chupa.

Mwaka 2011 nilikuwa nikimfundisha kijana mmoja wa darasa la nane, nyumba moja hapa Milimani, jioni tatu kwa wiki. Swali la mama yake lilikuwa moja kila nikifika: "Mwalimu, 400 tutafika?" Mia nne kati ya mia tano, mnajua ilimaanisha nini. Kwenye karatasi ya Kiswahili maswali yalikuwa 50, na ishirini ya mwisho, 31 hadi 50, yalikuwa ya vifungu viwili vya ufahamu. Hapo ndipo alama zilikuwa zikipotea, na hapo ndipo nilikuwa nauza mbinu yangu. Usianze na kifungu, anza na maswali. Pigia mstari neno zito ndani ya swali. Rudi kwenye kifungu ulitafute kama mtu anayetafuta funguo. Jibu liko kwenye sentensi hiyo au inayofuata. Wakiuliza kichwa mwafaka, ruka kile kinachotaja aya moja tu. Basi.

Siku moja nilimwandikia kifungu mwenyewe, kuhusu magugu maji ziwani: yalivyoziba njia za mashua, samaki walivyoadimika, wavuvi walivyorudi na nyavu tupu. Akamaliza dakika nane. Tisa kwa kumi. Nikafurahi, nikamuuliza tu kwa mazungumzo, "Sasa hii habari inahusu nini?" Akanitazama. "Sijui, mwalimu. Hawajauliza."

Kutoka kwenye kibaraza chao ziwa lilionekana, na wiki hiyo ghuba ilikuwa kijani.

Alifika 400 na zaidi. Mama yake alinishukuru. Mimi sikulala vizuri.

Mnaotaka KCPE irudi mkisema enzi zile watoto walijua kusoma, kumbukeni pia kilichokuwa kikiendelea chini ya alama hizo. Miaka hiyo hiyo utafiti wa Uwezo ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti yao ya wakati huo ilisema kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu tu walioweza kazi ya darasa la pili. Na KCPE ilikuwepo. Mtihani wa darasa la nane haukuwa ukimwona mtoto wa darasa la tatu, na alipofika la nane alikuwa kashajifunza kukisia. Programu ya Tusome ya 2015 ilianzia huko chini, na ndiyo maana mimi nayaheshimu matunda yake kuliko hotuba nyingi.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. KPSEA ya gredi ya sita ilikuwa imeanza 2022, na KJSEA ya gredi ya tisa ikafanywa mara ya kwanza 2025. Kuhusu sheria ya 2013 iliyokataza tuisheni za likizo, nitasema tu kwamba Milimani taa za sebuleni hazijawahi kuzimwa kwa ajili yake. Jina la mtihani likibadilika, simu yangu inalia wiki hiyo hiyo. Vuka Ring Road uingie Nyalenda, dakika chache kwa miguu, hakuna anayenipigia, kwa sababu hawana cha kunilipa.

Kwa hivyo akisimama mtu kwenye mdahalo aseme turudishe, au aseme tusirudishe, mimi nina swali moja kwake: jarida litaandikwa na nani, na litafika Nyalenda lini? KNEC bado ina takwimu za kila swali na bado huandika ripoti. Tatizo ni kama mwalimu mwenye watoto 70 anazipata mkononi na ana muda wa kuzisoma.

Mimi Jumamosi huvuka barabara. Mbinu niliyokuwa nauza niliiacha. Sasa tunasoma kifungu chote kwanza, kwa sauti. Halafu karatasi inafunikwa, mtoto anasimulia alichosoma kwa lugha anayotaka, na wengi huanza na Dholuo. Ndipo tunafungua maswali, majibu ya A hadi D yakiwa yamefichwa, kila mtu aseme lake kabla hajayaona. Inachukua muda mrefu na mwanzoni alama hushuka, nisiwadanganye.

Mwezi uliopita nilikitoa kile kifungu changu cha zamani cha magugu maji. Swali la saba linauliza, kulingana na kifungu, magugu hayo yana faida gani, na jibu sahihi ni D, hayana faida. Yule kijana wa 2011 aliliweka bila kupumua. Msichana mmoja wa gredi ya tisa alikwama hapo. "Mwalimu, lakini nyanya yangu anasuka vikapu vya magugu, na watalii wananunua." Nikamweleza kwamba swali limesema kulingana na kifungu, na kwenye mtihani itabidi ajibu kilichoandikwa hata kama hakubaliani nacho. Akafikiri. Akachora kistari kwenye D. Kisha pembeni, kwa penseli hiyo hiyo, akaandika: "Aliyeandika hii hajafika Dunga."