Jinsi ya kuchagua udongo wa bei nafuu wa kupandia mimea ndani ya nyumba

Na MWANDISHI WETU

ANAYEANZA kupanda dhania, vitunguu vya majani au maua ndani ya nyumba mjini Mai Mahiu hujiuliza swali moja afikapo dukani: kwa nini anunue udongo ilhali umejaa tele nje ya mlango wake?

Jibu limo katika udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo kati ya milima ya Longonot na Suswa ni majivu ya volkano, mepesi na rahisi kusombwa na maji. Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulijitokeza na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok.

Udongo laini wa aina hiyo ukitiwa peke yake katika mkebe hushikamana kila unapomwagiliwa. Hewa hukosa njia, na mizizi huoza.

Ndiposa udongo wa kupandia huwa mchanganyiko wa vitu vitatu: kinachohifadhi unyevu, kinachopitisha maji na hewa, na kinachoulisha mmea. Kazi hizo kwa kawaida hufanywa na kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi; pumisi au mchanga wa mto; na mboji au samadi iliyooza vyema.

Kagua kabla ya kulipa

Soma kibandiko. Mfuko usiotaja viungo vyake wala ujazo wake haufai kuaminiwa kwa sababu tu umepambwa kwa picha ya maua.

Uinue. Mfuko mdogo ulio mzito kupita kiasi huenda umejaa udongo wa shambani au umeloweshwa maji.

Unuse. Mchanganyiko mzuri hunukia kama ardhi baada ya mvua. Ukitoa harufu kali ya mkojo, samadi haijaiva na itaiunguza miche. Visubi wakiruka mfuko unapofunguliwa, uache.

Usidanganywe na weusi. Rangi si ushahidi wa rutuba.

Linganisha bei kwa lita, si kwa mfuko. Tuseme mfuko wa lita 5 unauzwa Sh250 na wa lita 20 Sh600. Wa kwanza ni Sh50 kwa lita, wa pili Sh30. Chombo chenye upana na kina cha sentimita 20 huhitaji takriban lita 6, kwa hivyo hesabu vyombo vyako kwanza.

Jihadhari pia na wanaouza 'udongo wa msitu' kando ya barabara. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 huuhesabu udongo miongoni mwa mazao ya msitu, na kuuchota bila kibali ni kosa.

Kupunguza gharama

Mkazi wa eneo hili ana bahati moja. Pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu, hupatikana katika ukanda wa Naivasha, na mashamba ya maua huitumia kupandia. Iponde iwe chembe za ukubwa wa punje za mahindi, kisha uoshe vumbi.

Changanya sehemu mbili za udongo wa dukani, sehemu moja ya pumisi na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Hivyo mfuko mmoja utajaza vyombo vingi zaidi.

Ukinunua kokopiti iliyoshindiliwa kama tofali, iloweke na kuisuuza kwanza, kwani huenda ina chumvi. Tofali la gramu 650 huvimba na kutoa takriban lita 8. Kumbuka kwamba kokopiti pekee haina chakula cha kutosha, hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya mboji.

Kabla ya kupanda, jaza mkebe uliotobolewa chini na uumwagilie. Maji yakituama juu kwa dakika kadhaa, ongeza pumisi. Yakipita yote mara moja na kuuacha udongo mkavu, ongeza kokopiti au mboji.

Hatimaye, usiulaumu udongo kwa kila kasoro. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi, ambayo huzikausha ncha za majani ya baadhi ya mimea ya mapambo kama vile dracaena. Kuyachemsha hakuyaondoi madini hayo. Kinga maji ya mvua uitumie kwa mimea hiyo.