Kutoka Ndundu hadi Mkunazini

Sisi wa Ndundu tulijulikana zamani kwa jambo moja tu, nalo ni kivuko. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa, Lindi au Mtwara aliyetoka Dar es Salaam kwa barabara ya pwani ilimbidi ateremke hapa kwetu, asubiri pantoni, avushwe Rufiji pamoja na malori ya korosho na mabasi yaliyojaa vumbi. Mto ukifurika alilala kando ya maji siku mbili, tatu, akila wali na samaki wa mama ntilie hadi akiba ikamwishia. Siku hizi gari huzimaliza mita 970 za daraja kabla abiria hajafungua chupa yake ya maji. Vijana wetu hawaijui tena adha ile, na si vibaya. Lakini njia hii ya kusini haikuanza na malori. Kuna watu waliopita katika nchi hii kwa miguu, wamefungwa shingoni, na habari yao ndiyo iliyonipeleka Zanzibar kutazama kanisa.

Mimi ni mlemavu wa miguu. Polio ilinipata kabla sijaanza shule. Mwaka 1968, mafuriko yalipotutoa bondeni na Serikali ikatuhamishia nchi ya juu, marehemu baba alinibeba mgongoni, akauacha mtungi mkubwa wa mama na kitanda cha kamba. Kwa mwendo mfupi natumia magongo, kwa mwendo mrefu kiti cha magurudumu. Ni Mwislamu, kwa hiyo kanisa sikulifuata kwa ibada. Nilifuata nyayo za mama wa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alisimulia hivi. Mama yake aliletwa Rufiji akiwa mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, katika msafara uliotoka kusini. Alikuwa na kidonda mguuni kilichooza. Walipofika mtoni alishindwa kuendelea, wenye msafara wakamwona hasara, wakamwacha. Watu wa kijiji kimoja wakamwokota, wakamtibu kwa majani, akapona, akakaa kwao. Bibi aliposimulia hakusema "wakamfanya mtoto wao." Alisema "akawa mtu wa nyumba ile," na sisi watoto hatukuelewa tofauti yake.

Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusoma vitabu vya historia, nikaiona habari ile ya bibi ikipata tarehe. Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, ndipo lilipokuwa soko la watumwa la Zanzibar hadi tarehe 5 Juni, 1873, siku ambayo Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Hakutia saini kwa kupenda. Sir Bartle Frere alikuja mapema mwaka huo kumshawishi akaondoka mikono mitupu. Kilichomgeuza Sultani ni tishio la manowari kukizingira kisiwa, alilofikishiwa na Balozi John Kirk. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipata sehemu ya kiwanja cha soko, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Sasa, ndugu msomaji, ishike vema tarehe hiyo ya Krismasi. Katika majuma yale yale, Mwingereza mmoja aitwaye Frederic Elton, msaidizi wa Kirk, alikuwa akisafiri kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, njia ambayo haina budi kuuvuka mto wetu. Kazi yake ilikuwa kuwakagua wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa raia wa Uingereza na bado wakimiliki watumwa. Njiani alipishana na misafara ikipanda kaskazini. Kati ya tarehe 21 Desemba na 20 Januari hesabu yake ilifika watumwa 4,096. Mkataba ulifunga bahari, basi biashara ikahamia barabarani. Kilwa, iliyokuwa ikiwapakia watu majahazini, sasa iliwatembeza pwani yote hadi upande wa Pangani, na kutoka hapo wakavushwa kwa magendo usiku hadi Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, mashamba ya Pemba yakapona, karafuu ikapanda bei, na wenye mashamba wakataka mikono. Ilimpasa Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876 ili kuikataza na misafara ya nchi kavu.

Kwa hiyo siku wimbo wa Krismasi ulipoimbwa juu ya soko lililofungwa, mto Rufiji ulikuwa na watu wengi zaidi wa kuvuka kuliko miaka ya nyuma. Silisemi hili kuwasuta wamisionari. Ila wageni wengi hutoka Mkunazini wakiamini kwamba jambo lile lilikwisha pale, siku ile, na ingefaa waambiwe lilihamia wapi.

Nilisafiri na mpwa wangu, kijana mwenye mabega, tukalala Mbagala, asubuhi tukaenda bandarini. Habari za boti nitazipitia haraka: wachukuzi wawili waliniinua na kiti changu kama gunia la mbata, mmoja akaniomba radhi, mwingine akaniomba pesa. Nimebebwa sana katika maisha yangu na nimejifunza kutofautisha mikono. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kiti kinakwenda vizuri pale palipopata sakafu mpya, na kwingine kinagongagonga mpaka meno yanauma. Majumba ya mji ule yalijengwa na watu waliofikiria jua, wezi na heshima ya wanawake. Mtu wa magurudumu hakuwamo katika hesabu zao. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006 na Bara mwaka 2010, lakini sheria hailainishi jiwe la mwaka 1873, na jiwe la kale nalo halibomolewi hivi hivi. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni kwa nini ubao wenye mteremko, wa kuweka na kuondoa, uonekane jambo kubwa.

Msichana aliyetutembeza alinisalimu, "Shikamoo, mzee," nikaitikia marahaba, na kabla hajasema neno jingine akakitazama kiti, kisha akazitazama ngazi.

"Mzee wangu, mahandaki yako chini," alisema. "Ngazi zake ni kali. Lakini tunaweza kukubeba."

Nilimjibu kwamba tuanze na kanisa. Mpwa wangu alinipandisha vipandio vya mlangoni kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yakitangulia, kama anavyofanya kwetu.

Ndani ni kimya na kuna ubaridi. Paa limejikunja juu kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, bila boriti hata moja. Steere alilijenga kwa vipande vya matumbawe na saruji. Askofu Edward Steere huyu ni yule yule aliyetoa mwaka 1870 kitabu cha kufundisha Kiswahili cha Unguja na kingine cha hadithi za Waswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichokuja kuchaguliwa baadaye kuwa Kiswahili sanifu. Basi hata lugha ninayomlalamikia msomaji kwayo ina deni hapo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake.

Upande wa nyuma zipo nguzo fupi za mawe zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini, mafundi wakazipachika wajuavyo, naye aliporudi akaziacha. Nilizipenda kuliko kitu kingine chochote mle, kwa sababu zimebeba kazi yao karibu miaka 150 zikiwa kinyume na mchoro. Mbele ya altare sakafuni pana duara la marumaru nyeupe. Huelezwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa soko ambapo watumwa walichapwa viboko ili mnunuzi apime ustahimilivu wao. Asiyelia alipanda bei. Upo pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ya Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873.

Livingstone ndiye aliyeandika jambo ambalo mtu kama mimi hawezi kulisoma kisha akageuza ukurasa. Mwezi wa Juni 1866, akipanda kutoka Ruvuma, alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji wakamweleza kwamba hakuweza kwenda sawa na wenzake, na bwana wake hakutaka aokotwe na mtu mwingine akapona na kuwa mali yake. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama wa bibi yangu na mguu wake. Yeye aliachwa bila kufungwa. Labda mwenye msafara alikuwa na huruma, labda alikuwa na haraka, labda alikuwa hana kamba. Kwa tofauti hiyo mimi nipo, na watoto wangu watano.

Tulipotoka kanisani, msichana akarudia habari ya mahandaki. Yako chini ya jengo la zamani la misheni lililo jirani, na wageni huyapenda kuliko kanisa lenyewe. Nilikataa kubebwa. Mpwa wangu alishuka peke yake, nami nikabaki juu nikisikia viatu vyake. Alirudi baada ya dakika chache akipangusa shati.

"Mjomba, mle inabidi uiname. Kuna kama vitanda vya saruji pande mbili, katikati mfereji. Wanasema walijazana mamia humo."

Wapo wanahistoria wanaoshuku. Jengo lile lilijengwa na wamisionari kwa ajili ya hospitali yao baada ya soko kufungwa, na vyumba vya chini ya hospitali vina matumizi mengi, ghala likiwa mojawapo. Mimi nauona ushahidi wa wenye shaka kuwa na nguvu. Wala hilo halipunguzi mateso ya mtu yeyote, maana soko lilikuwapo, na juu yake kuna kanisa lenye tarehe zinazojulikana. Hata hivyo inanishangaza kwamba sehemu inayowaliza wageni ndiyo yenye ushahidi mwembamba zaidi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo mlemavu huambiwa asipoishuka hajaona kitu. Barabara ya Kilwa, iliyohesabiwa mtu kwa mtu, haina hata kibao. Mlemavu angeifika bila kubebwa.

Uani kuna ukumbusho uliochongwa na Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden, mwaka 1998: sanamu tano za watumwa wamesimama ndani ya shimo, mnyororo wa kweli ukipita shingoni mwao. Watalii husimama ukingoni wakatazama chini, wakapiga picha za utosi. Mimi niliyekaa nilisogezwa hadi ukingoni, macho yangu yakawa karibu na ya kwao. Nikakaa pale muda mrefu kuliko mpwa wangu alivyopenda.  Hawa ndio waliofika.

Mtu hulazimika kutaja tarehe nyingine mbili, kwa sababu soko kufungwa si utumwa kukoma. Zanzibar hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na hata hapo wengi walitakiwa waende wenyewe kudai uhuru wao. Huku Bara, Wajerumani walitawala bila kuufuta moja kwa moja. Waliweka kwamba watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, wengine wakaachwa walivyo. Serikali ya Kiingereza ndiyo iliyoufuta Tanganyika, mwaka 1922. Mama wa bibi yangu, kwa hesabu ya bibi, alifariki katika njaa iliyofuata vita vile vya kwanza, wakati mashamba ya bonde yalikuwa yameliwa na majeshi ya pande zote mbili. Alikuwa ameishi Rufiji zaidi ya miaka 40, ameolewa, amezaa, amezika. Alizikwa upande wa watu wa nyumba ile, si pamoja nao.