Shenmue, Mchezo Usio na Haraka

Kila apendaye michezo ya video hulipa ada mbili. Ada ya kwanza ni fedha, nayo hulipwa mara moja dukani. Ada ya pili ni wakati, nayo hulipwa kidogo kidogo mpaka mchezo umalizike au mchezaji achoke. Fedha iliyopotea yaweza kutafutwa tena, lakini saa iliyopita haiuzwi katika soko lolote. Kwa sababu hiyo, swali la kama mchezo fulani wastahili kuchezwa mpaka mwisho si swali la kitoto, kama wengi wanavyodhani. Ni swali lile lile aulizalo msomaji aliyefika katikati ya kitabu kinene: je, yaliyobaki yatafidia yale niliyokwisha kuyatoa?

Michezo mingi imewagawanya watu kwa swali hili, lakini ni michache iliyowagawanya kwa muda mrefu kama Shenmue, mchezo wa kampuni ya Sega ya Japani uliotolewa nchini humo tarehe 29 Desemba, 1999. Tangu siku hizo wako wausifuo kuwa ni kazi iliyowafundisha wengine namna ya kujenga mji ndani ya mashine. Na wako wasemao kuwa ni saa nyingi za kutembea, kubisha hodi na kungoja. Insha hii yataka kuutazama ugomvi huo kwa njia ya historia. Maana kukawia kwa mchezo huu hakukuzuka bure, bali kulikuwa na asili yake, gharama yake na matokeo yake.

Asili yenyewe ni sarafu. Michezo ya video ilipata nguvu katika kumbi za biashara, ambamo mtu alitumbukiza sarafu katika mashine na kucheza mpaka ashindwe. Mwenye ukumbi hakupata faida kwa mchezaji mmoja akaaye mchana kutwa kwa sarafu moja. Alipata faida kwa wachezaji wengi washindwao upesi na kutamani kurudia. Basi mtengenezaji hodari alikuwa yule aliyeweza kumfurahisha mtu kwa dakika chache, kisha akamwondoa kwa adabu. Katika kazi hiyo hapakuwa na wengi wa kumshinda Yu Suzuki, aliyezaliwa mwaka 1958 na kuingia Sega mwaka 1983. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya Hang-On, mchezo wa pikipiki, na Space Harrier, mchezo wa mpiganaji arukaye angani, yote miwili ya mwaka 1985. Kisha Out Run ya mwaka 1986, ambamo gari hukimbizana na saa. Na Virtua Fighter ya mwaka 1993, ambamo watu wawili hupigana kwa mikono na miguu. Kila mmoja wa michezo hiyo ulikuwa mwanafunzi mtiifu wa sarafu.

Yafaa kulishika jambo hili, maana ndilo ufunguo wa yanayofuata. Mtu aliyefanya Shenmue iwe nzito hakuwa mtu asiyejua wepesi. Alikuwa bingwa wa wepesi, aliyekwisha kuuza haraka kwa miaka kumi na zaidi, na sasa akataka kujua kitapatikana nini ikiwa mchezaji hatafukuzwa. Kazi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 1990 kama hadithi ya kuendeleza Virtua Fighter, ikikusudiwa mashine ya Sega iliyoitwa Saturn. Mashine hiyo ilipozidiwa nguvu sokoni, kazi ikahamishiwa mashine mpya, Dreamcast, iliyotolewa Japani mwezi wa Novemba 1998. Mwaka 2011 Suzuki alisema kwamba gharama ilikuwa kama dola milioni 47 za Marekani, pamoja na matangazo. Kwa siku zile hiyo ilikuwa mali kubwa mno kutumiwa kwa mchezo mmoja.

Mali hiyo ilinunua nini? Ilinunua kipande cha mji. Hadithi ya Shenmue yaanza tarehe 29 Novemba, 1986, katika mji wa Yokosuka, bandari iliyo kusini ya Tokyo na yenye kituo cha jeshi la majini la Marekani. Kijana Ryo Hazuki anarudi nyumbani na kumwona baba yake, mwalimu wa mapigano ya mikono, akiuawa na mgeni kutoka China aitwaye Lan Di, ambaye anaondoka na kioo cha kale. Ryo anaapa kulipa kisasi. Katika mchezo wa kawaida wa siku zile, kiapo kama hicho kingefuatwa na adui wa kwanza kabla hata machozi hayajakauka. Katika Shenmue kinafuatwa na asubuhi. Ryo anaamka, anachukua yeni 500 alizowekewa na mama mzee atunzaye nyumba, anavaa viatu, anateremka mtaani, na kuanza kuuliza watu.

Mtaani humo kila mtu ana jina na nyumba na saa zake. Muuza duka hufungua asubuhi na kufunga jioni. Mlevi huonekana usiku. Mvua na theluji huja kwa zamu, na watengenezaji walizipekua kumbukumbu za hali ya hewa halisi ya Yokosuka ya majira hayo. Ryo aweza kufungua makabati ya nyumba yao, kumlisha paka mchanga aliyefiwa na mama yake, au kuingia katika ukumbi wa sarafu. Na humo ukumbini, msomaji, amewekewa Hang-On na Space Harrier, michezo ile ile ya Suzuki ya mwaka 1985, kwa yeni 100 kila mara. Haraka imewekwa ndani ya utulivu kama kitu cha kununuliwa pembeni. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kuwa mtengenezaji alijua alikuwa akiaga nini.

Mashtaka juu ya mchezo huu ni mazito, na haifai kuyapuuza. La kwanza ni kungoja. Mtu akiambiwa kuwa atakayemwonana naye atapatikana jioni, nayo sasa ni adhuhuri, katika Shenmue ya kwanza hana njia ya kuuruka muda ule. Sharti azurure mpaka saa ifike. La pili ni kazi ya bandarini. Kuelekea mwisho wa hadithi, Ryo anaajiriwa kuendesha foko, lile gari la kuinulia mizigo, ili apate habari za genge la wahalifu. Kwa siku kadhaa mchezaji hushindana kwa foko asubuhi, huhamisha makasha mpaka chakula cha mchana, hurudia mpaka jioni, kisha hupokea ujira kwa hesabu ya makasha. Mwenye kuutetea mchezo hana budi kujibu: mtu aliyetoka kuchoka kazini mwake mwenyewe, kwa nini anunue kazi nyingine isiyomlipa?

Lugha yetu ina methali kwa pande zote mbili. Wapenzi wa Shenmue watasema kuwa haraka haraka haina baraka. Wapinzani watajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali mbili zikipingana namna hii, si kwamba moja ni ya uongo. Bali kila moja ina mahali pake, na kazi ya mhakiki ni kutafuta mpaka baina yao.

Mpaka huo, kwa maoni yangu, ni huu: kuko kukawia kwenye kitu na kukawia kusiko na kitu. Foko ni kukawia kwenye kitu. Kabla yake Ryo ni mtoto wa nyumba yenye lango na bustani, anayeishi kwa posho na hasira. Bandarini anapata wenzake wa kazi, saa ya chakula, mkuu wa kumwajibikia na fedha aliyoitolea jasho. Na kwa mara ya kwanza mchezaji anaona maisha ambayo kijana huyu angeweza kuishi lau angekiacha kisasi. Hayo hayawezi kuelezwa kwa sentensi moja ya mzee mwenye busara. Yahitaji siku ya pili ifanane na ya kwanza, na ya tatu ifanane na ya pili, ndipo mazoea yazaliwe. Atakayeyaruka makasha ataona Ryo akiondoka Yokosuka, lakini hataona anachokiacha.

Lakini kungoja saa mbele ya mlango uliofungwa, baada ya mtaa kukwisha kusema yote uliyokuwa nayo, ni kukawia kusiko na kitu. Hapo mchezo haukumpa mtu utulivu, ulimsahau. Watengenezaji wenyewe walilikubali shtaka hili kwa vitendo, maana katika Shenmue II ya mwaka 2001 waliweka njia ya kuusogeza wakati mpaka saa ya miadi. Basi wanaodai kuwa kila dakika ya mchezo wa kwanza ni takatifu wanadai zaidi ya yale waliyoyadai waliouunda.

Sasa twafikia neno lenyewe, kumaliza. Ndani ya Shenmue kuna tarehe ya mwisho ambayo wachezaji wengi hawaifikii: mtu akizembea mpaka tarehe 15 Aprili, 1987, Lan Di anarudi, na hadithi inakwisha kwa Ryo kushindwa. Mchezo huu usiomharakisha mtu, kumbe wahesabu siku kimya kimya. Na nje ya hadithi palikuwa na hesabu nyingine. PlayStation 2 ya kampuni ya Sony iliingia soko la Japani mwezi wa Machi 2000. Shenmue iliuza nakala zipatazo milioni 1.2, idadi ya heshima lakini isiyotosha kwa gharama ile. Na tarehe 31 Januari, 2001, Sega ikatangaza kuwa itaacha kutengeneza Dreamcast. Mchezo mmoja haukuiua mashine hiyo, walakini haukuiokoa pia. Suzuki alikuwa ameomba wakati mwingi kwa wachezaji wake, na yeye mwenyewe akanyimwa wakati na soko.

Shenmue ya kwanza yaishia Ryo akipanda meli kwenda Hong Kong. Ya pili yaishia pangoni katika milima ya Guilin, mbele ya vioo vikubwa, na jambo lolote la maana halijaamuliwa. Wachezaji walibaki pangoni humo miaka 18. Mwezi wa Juni 2015 Suzuki alitokeza hadharani kuomba mchango wa watu kwa ajili ya sehemu ya tatu. Watu zaidi ya 69,000 wakatoa zaidi ya dola milioni 6. Shenmue III ikatoka tarehe 19 Novemba, 2019. Na ndani yake Ryo anakutana na Lan Di uso kwa uso, asimshinde, na hadithi yaachwa tena njiani.

Kwa hiyo mtu akiuliza, "Je, nimalize Shenmue?" inambidi kwanza aambiwe kuwa kisasi alichokiona kikiapwa mwanzoni hatakiona kikilipwa. Ikiwa anavumilia foko kwa kutumaini malipo hayo, basi na aache leo, maana anaweka akiba katika benki isiyo na mlango wa kutolea. Mstahimilivu hula mbivu, lakini sharti kwanza pawe na mti. Watu wale waliochanga mwaka 2015 hawakukosa kulifahamu jambo hili. Wengi wao walikuwa wamengoja muda uliotosha kumlea mtoto mpaka ujana. Sidhani kuwa walikuwa wakinunua mwisho. Walikuwa wakinunua asubuhi nyingine ya kuamka, kuvaa viatu na kushuka mtaani.

Hukumu yangu basi ni hii. Shenmue ya kwanza yastahili kumalizwa na yule ambaye, baada ya siku zake chache za mwanzo mtaani, amekwisha kuyajua majina ya wenye maduka bila kujilazimisha. Maana kwake mwisho ni kuaga, nako kuaga kuna uzito kwa aliyekaa tu. Yule ambaye kufikia hapo bado anahesabu milango aliyoibisha, na auweke chini bila aibu. Si mvivu wala si mjinga. Ameuliza bei ya kitu na kuona kuwa hakihitaji. Kosa ni la yule wa tatu, achezaye kwa chuki mpaka mwisho ili apate haki ya kulaumu, kama mgeni alaye karamu nzima ili aweze kusema kuwa haikuwa na chumvi.

Mwaka ule ule wa 2019, siku chache kabla ya Shenmue III, mtengenezaji mwingine wa Japani, Hideo Kojima, alitoa Death Stranding, mchezo wa kubeba mizigo kwa miguu katika nchi iliyoharibika. Na ugomvi ukaanza upya kwa maneno yale yale. Utaendelea kuzuka kila atakapotokea mtengenezaji mwenye kuthubutu kukawia. Wanafunzi wa historia wakiusikia, na waulize maswali mawili kabla ya kushika upande: kukawia huku kumewekwa kwenye nini, na mchezaji ameahidiwa nini mwishoni? Akijibiwa kweli juu ya hayo mawili, kila mtu aweza kujifanyia hesabu ya saa zake mwenyewe.