Mkoba wa mjomba na mashine ya kupunguza watu kazini

Jamani nipo. Najua nimewatupa karibu wiki tatu, lakini kazi za gazeti mnazijua. Leo sina siasa. Nina mkoba.

Mkoba wenyewe ni wa mjomba wangu, yuko Lugoba. Kwa wasiopajua: ukifika Chalinze unashika barabara ya Segera, na kabla ya Msata utapishana na malori ya kokoto mpaka uchoke kuyahesabu. Nusu ya maghorofa ya Dar yamesimama juu ya mawe ya huku. Nilikuja kufuatilia habari ya machimbo, nikapitia kusalimia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeniletea gazeti, au siku hizi mnaandika bila kusoma?"

Ndivyo alivyo. Alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma ambalo sitalitaja. Alianza kama kibarua mwaka 1979, akapewa barua ya ajira ya kudumu 1984, na mwaka 1995 jina lake likabandikwa ubaoni pamoja na majina mengine ya waliopunguzwa. Mkono wa kwaheri ulipigwa hesabu kuanzia 1984. Miaka mitano ikayeyuka. Mkobani bado ana kile kikaratasi cha 1979, chenye muhuri, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo inaanza kuachia.

"Ulikionyesha kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa nani? Walibandika karatasi wakaondoka. Ungeuonyesha ubao?"

Wakati ule hakuwa peke yake. Sensa ya watumishi wa serikali ya mwaka 1988 ilikuwa imeibua takriban watumishi hewa 16,000, yaani mishahara inatoka na mtu hayupo. Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990, na utumishi wa umma uliokuwa na watu zaidi ya 350,000 mwanzoni mwa muongo ukashuka chini ya 270,000 kufikia mwishoni mwake. Hapo sijagusa mashirika yaliyopitia mikononi mwa PSRC na kubinafsishwa. Kote huko kazi ilifanywa kwa mafaili. Faili likisema 1984, ni 1984.

Na ukitaka kujua faili linaweza kumfanya nini mtu, waulize wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977, reli ilikuwa na makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ndege Nairobi tena. Sasa fikiria karani wa posta aliyekuwa Tanga. Mwajiri wake yuko nchi nyingine, na huyo mwajiri mwenyewe kesho yake hayupo. Mkataba wa kugawana mali, uliosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, ulisainiwa Arusha mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ilibeba jukumu la kulipa mafao ya watu wake. Kwetu sisi ilibidi wazee waende mahakamani, na makubaliano ya kuwalipa watu zaidi ya 31,000 jumla ya shilingi bilioni 117 yalifikiwa mwaka 2005. Miaka 28! Mtoto aliyezaliwa Jumuiya inavunjika alikuwa na watoto wake. Na hata baada ya hapo ubishi wa nani kalipwa na nani kapunjwa haukuisha, kwa sababu ubishi wa mafao daima ni ubishi wa tarehe na mshahara.

Haya, turudi Lugoba. Kwenye ofisi ya machimbo moja nilimkuta kijana wa rasilimali watu, tunalingana umri, akanionyesha programu yao ya mishahara. Majina aliyaficha kwanza, heshima kwake. Unaweka tarehe ya kuajiriwa, mshahara wa msingi, likizo iliyobaki na mahali mtu alipoajiriwa. Unabonyeza. Inatema kila kitu kilichomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004: notisi ya siku 28 kwa wanaolipwa kwa mwezi, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, malipo ya likizo, nauli na mizigo ya kumrudisha mtu alikoajiriwa, na cheti cha utumishi. Watu mia, dakika mbili. Nakiri nilivutiwa. Makosa ya hesabu yaliyowapeleka watu mahakamani miaka nenda rudi hayapo tena pale.

Lakini kifungu cha 38 kina kitu kingine. Kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, mara tu anapoanza kufikiria kupunguza watu, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, halafu akae na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, wajadili sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, muda na malipo. Wakishindwana, suala linakwenda kwenye usuluhishi, CMA. Programu ya yule kijana inakumbuka hata hilo: haichapi barua mpaka uweke alama kwamba kikao cha mashauriano kimefanyika.

"Na nikiweka alama bila kikao?"

Akacheka. "Itachapa, kaka. Yenyewe haikuwepo."

Hapo ndipo nilipoukumbuka mkoba. Maana njia mojawapo ya kuchagua inayotambuliwa na kanuni za mwaka 2007 ni ile ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza, mradi mwajiri aangalie pia ujuzi anaouhitaji. Kwa hiyo tarehe moja inafanya kazi mbili: inaamua nani atoke, na inaamua atoke na kiasi gani. Tarehe ikikosewa, mashine inakosea kwa usahihi kabisa, kwa watu wote, kwa dakika mbili.

Tumeshaona hapa hapa nyumbani. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti yenye watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe. Siwatetei walioghushi, tafadhali msinitumie matusi. Ila katika uhakiki wa kipindi kile waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakuwa wameghushi chochote, na mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Tarehe tena. Aliyeajiriwa tarehe 19 anarudi, wa tarehe 21 maelezo yake ni mengine.

Na msidhani wenzetu wenye mashine nzuri zaidi wako salama. Machi 2022 kampuni ya meli ya P&O Ferries huko Uingereza iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa video iliyorekodiwa kabla. Wiki moja baadaye mkuu wake, Peter Hebblethwaite, aliwaambia wabunge kwamba walijua sheria inawataka washauriane na vyama, na wakaamua kutofanya hivyo. Mashine haikukosea kitu. Ilifikisha ujumbe.

Jioni nilimpigia mjomba hesabu kwenye simu, kwa sheria ya leo. Kuanzia 1979 ni miaka 16, kuanzia 1984 ni miaka 11. Kwa kuwa ukomo ni miaka 10, zote mbili zinatoa siku 70.

"Kwa hiyo siku hizi nisingeibiwa?"

"Kwenye kiinua mgongo, hapana. Lakini kwenye orodha ungekuwa mtu wa 1984. Waliokuja 1981 wangebaki, wewe ungeondoka."

Akanyamaza kidogo. Lori la kokoto likapita, vikombe vikatetemeka mezani. Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza yule kijana wa ofisini nikasahau: hiyo tarehe kwenye kompyuta, aliyeiandika aliitoa wapi?

Kesho yake asubuhi nilirudi machimboni kuuliza. Ametoa kwenye mafaili, akasema. Na wafanyakazi wamewahi kuonyeshwa tarehe zao wazithibitishe? Akatazama kioo cha kompyuta, akasema bado, ila si wazo baya, na akaiandika kwenye daftari.

Nilipoaga, mjomba alikuwa amekifungua tena kile kikaratasi mezani, amekibana pembe kwa kikombe na redio.

"Kipige picha kwa hiyo simu yako," akasema. "Piga mbili."