Chakula hufikaje tumboni mtu awapo kichwa chini?

WENGI hudhani kuwa chakula hushuka tumboni kwa uzito wake, kama jiwe lidondokavyo kisimani. Sivyo. Mtu aliyening'inia miguu juu, kichwa chini, aweza kumeza tonge au funda la maji, navyo vikapanda hadi tumboni.

Kazi hiyo hufanywa na umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimeta 25 hivi kwa mtu mzima. Ulimi husukuma tonge nyuma ya koo. Papo hapo pumzi husita na kifuniko kidogo huziba njia ya hewa. Kisha misuli ya umio hujikaza nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, wimbi likilisukuma kwa sekunde 8 hadi 10. Mlangoni mwa tumbo, misuli ya mviringo hufunguka kulipokea, kisha hujifunga lisirudi.

Ng'ombe ainamapo kunywa maji mtoni hutegemea nguvu hiyo hiyo. Yuri Gagarin naye alikula na kunywa angani Aprili 12, 1961, mahali ambapo vitu huelea kana kwamba havina uzito.

Hata hivyo, wimbi hilo halilindi njia ya hewa. Mgonjwa wa kiharusi ambaye misuli ya koo lake imedhoofu aweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni na kusababisha nimonia. Ndiyo maana wauguzi hushauri mgonjwa aketishwe wima anapolishwa, wala asilazwe mara tu baada ya kula.